Sauti ya Kuomba Chumvi

To. To. To. Kimya kidogo. Halafu: to-to.

Umeme ulikuwa umekatika tangu magharibi, na gizani humo Siwatu alisikiliza tone likianguka ndani ya sufuria aliyoitega katikati ya chumba. Pembeni yake mwanawe Mize, msichana wa miaka mitano, alilala chali akiligongea tone lile kwa vidole kwenye ubao wa kitanda, bila kukosea hata mara moja. Matone matatu, kituo, matone mawili. Bati lile lilivuja kwa mtindo huo tangu siku Siwatu alipoingia mlango ule akiwa bibi harusi.

Tumesema lilivuja. Ulimi umeteleza, msomaji atusamehe. Katika nchi ile hapakuwa na paa linalovuja. Miaka minne nyuma Mlezi Mkuu alikata utepe, akatangaza kwamba Mpango wa Mapaa umekamilika kwa asilimia mia moja na kumi. Tangu siku hiyo maji yaliyoonekana kushuka kutoka darini yaliitwa jasho la bati, na mwenye bati lenye jasho alitakiwa kuiandikia Wizara barua ya kuipongeza, maana jasho ni dalili ya kazi. Jina la nchi yenyewe lilikuwa limefungiwa kabatini lisichakae. Ufunguo alikuwa nao Waziri wa Majina, naye alikuwa safarini. Kwa hiyo tutaiita nchi ile, na inatosha.

"Mama," Mize alinong'ona, "sufuria inakaribia kujaa."

"Naisikia."

"Nani anaamka?"

Siwatu aliamka mwenyewe. Swali hilo lilikuwa la baba yake Mize, naye alikuwa na siku ya kumi na tisa hajalala nyumbani.

*

Ilikuwa hivi. Nchi ile ilikuwa na Sheria ya Utulivu, iliyosema kwamba sauti ya mtu isizidi ile ya kuomba chumvi mezani. Watu walishazoea. Walinadi nyanya kwa sauti ya kuomba chumvi, waligombana kwa sauti ya kuomba chumvi, na mtu akiporwa mkoba alisema, "Mwizi, tafadhali," mara moja tu, halafu akaenda kujaza fomu. Muziki nao ulipangiwa. Kiambatisho cha sheria kilitaja aina mia mbili na kumi na nne za muziki, kila moja na kipimo chake. Aina moja tu ilisahaulika, hevi metali, kwa sababu pale wizarani hakuna aliyewahi kuisikia.

Shaame, mume wa Siwatu, aliisikia kwa bahati. Alikuwa fundi wa kuchomelea mageti. Siku moja alikwenda kuchomelea geti la tajiri mmoja, akakuta mlango wa stoo umewekewa kaseti ya zamani chini ili usijifunge. Akaiomba, akapewa. Wiki nzima aliisikiliza akiwa amevaa miwani yake ya kuchomelea, kana kwamba sauti ile nayo ilitoa cheche. Kisha akatengeneza gitaa kwa ubao wa mlango na waya za breki, akafunga spika ya gari bovu, akaweka mapipa mawili ya mafuta ya kupigia kwa miguu, moja kila mguu. Akawa bendi nzima, peke yake.

Mwanzoni Siwatu alidhani mumewe anaumwa. Yeye alikulia kwenye taarabu, muziki wa kukaa umejifunga vizuri. "Shaame, huyo anayeimba kafanywa nini?" aliuliza. Shaame akacheka, akasema, "Hajafanywa kitu. Anatua mzigo."

Wimbo uliomponza ulikuwa na maneno manne tu: sufuria imejaa, nani anaamka. Ndilo swali walilokuwa wakiulizana wenyewe kila mvua ikinyesha, kila mmoja akivutia blanketi kwake. Mdundo wake ulikuwa ule ule wa bati lao. Aliupiga karakana siku ya mvua kubwa, na mtaa mzima ukatoka nje. Kila nyumba ilikuwa na sufuria yake. Watu waliimba kwa sauti ambayo walikuwa hawajaisikia tangu utotoni, wengine wakajishika koo kwa mshangao. Kesho yake Shaame akachukuliwa kwa adabu, gari likiwa limezimwa injini, likisukumwa kwa mikono lisipige kelele.

Barua ikaja: "Mumeo amehifadhiwa kwa muda ili ijulikane yeye ni nini."

*

Kujua mtu ni nini kulihitaji kamati. Kwa hevi metali kamati haikuwepo. Iliyokuwa na viti vitupu karibu ilikuwa Kamati ya Maonyesho ya Ng'ombe, ambayo haikuwa na kazi tangu ng'ombe wa maonyesho afe. Wakapewa wao. Na kwa kuwa stoo ilikuwa na fomu za ng'ombe elfu arobaini zilizokwisha kuchapwa, ikaamuliwa kwamba kuchapa nyingine ni kumkosea heshima Mlezi Mkuu, ambaye picha yake ilikuwa juu ya kila moja. Wimbo ungepimwa kwa fomu zile zile: uzito, meno, kwato, ngozi, maziwa, mkia. Jumla ya alama ni mia.

Barua ilieleza vizuri. Wimbo ukipata chini ya arobaini ni Kelele, na mwenyewe atakaa miaka saba katika Nyumba ya Kupumzisha Sauti. Ukipata sabini kwenda juu ni Ukuu, na mwenyewe atapewa heshima zote za taifa. Kati ya hapo ni Kawaida, neno ambalo lilichapwa kwa herufi ndogo kama linaonewa haya. Na kwa kuwa wimbo usiopimwa haruhusiwi mtu kuusikia, kamati haitausikia. Mtu wa nyumbani atakuja kuueleza, amesimama, kwa sauti ya kuomba chumvi.

Siwatu alisoma barua ile mara tatu, mara ya tatu kwa matumaini. Alikuwa mwanafunzi wa masomo ya jioni katika shule ya msingi ya mtaani, pale watu wazima wanapokaa kwenye madawati ya watoto na magoti yamewafika kidevuni. Mwaka ule alikuwa amefundishwa insha. Kueleza kitu! Kumbe Mungu alikuwa akimwandaa. Akafungua daftari, akaandika juu: *Wimbo mkuu wa hevi metali unakuwaje?* Akapiga mstari kwa rula.

Aliandika siku nne, Mize akimshikia taa. Aliandika kwamba watu wanadhani ukubwa wake ni kelele, lakini kelele hata jenereta inayo. Aliandika juu ya kile kipande cha gitaa kinachorudi na kurudi, kwamba kikiwa kizuri unakijua mara ya kwanza na mara ya arobaini bado unakingoja. Aliandika nyimbo tatu anazozipenda, mbili za kwenye kaseti ile. Ya tatu ilikuwa "Kutu", ya vijana wa reli, kwa sababu gitaa la besi linatembea humo kama mtu anayetafuta kitu gizani bila kutaka kuwaamsha wenzake. Ya pili "Mtungi Mtupu", ya madada wanne wa mji wa mlimani: inakwenda dakika saba na mwimbaji hafungui mdomo mpaka dakika ya nne, na akifungua unajua ulikuwa unastahili kungojeshwa. Ya kwanza hakuiandika jina. Aliandika tu, *anajua mwenyewe*.

Hapa lazima tuseme kwamba orodha ile ilikuwa kosa. Raia alikwisha kupewa Fomu ya Nyimbo Tatu Nizipendazo kwa Hiari, ambayo ilikuwa lazima, na nyimbo zenyewe zilikuwa zimeshachapwa humo: wimbo wa taifa, wimbo wa taifa mrefu, na wimbo wa kuzaliwa Mlezi Mkuu. Raia alibakiwa na kazi ya kutia sahihi na kufurahi.

*

Siku moja kabla ya kikao alikwenda kupanga foleni ya Fomu ya Kuombea Fomu. Mbele yake alisimama mama mmoja mtu mzima, amevaa buibui safi, mkononi ana kanzu nyeupe iliyopigwa pasi na kukunjwa kama ya kuvalisha maiti. Alijitambulisha kuwa ni Bi Mboja.

"Na wewe wako kafanya nini, mwanangu?"

"Kaimba, mama. Kesho anapimwa. Nimemwandikia insha, nadhani atafika sabini." Siwatu alimwonyesha daftari, uso unang'aa.

Bi Mboja alisoma ukurasa mmoja. Akalifunga daftari taratibu, akalirudisha.

"Umeandika vizuri sana," alisema. "Kachome."

"Kwa nini, mama?"

"Wangu mimi alikuwa mpiga zumari. Walimpa themanini na tatu. Nilipiga vigelegele, wakanitoza faini." Alitazama kulia na kushoto. "Kitu kikuu ni mali ya taifa, mwanangu. Mali ya taifa inawekwa Hazina. Wangu yumo Hazina mwaka wa kumi na moja, ndani ya kioo, godoro zuri, kadi ya maelezo miguuni. Ijumaa wanafunzi wanaletwa kumtazama. Na mimi napanga foleni na wanafunzi."

"Lakini anapiga zumari?"

"Apige? Pumzi inamchakaza. Wameiweka zumari kioo cha pili."

Siwatu alilibana daftari kwapani. Foleni ikasogea hatua moja, nao wakasogea.

"Akikosa ni miaka saba," alisema. "Akishinda ni milele."

"Ndiyo. Lakini pana mlango wa katikati." Bi Mboja alimshika mkono. "Wapiga zumari wabovu wa mtaani kwetu wote wako nyumbani na wake zao. Usiku nawasikia wanavyokosea. Sijui kama kuna mtu anausikia muziki mzuri kuliko ule. Kesho kamseme mumeo wa kawaida, mwanangu. Wa kawaida kabisa. Usimtukane, usimsifu."

"Na kama akisikia?"

"Atasikia tu. Ng'ombe huwekwa nyuma ya mbao wakati wa kupimwa. Ni utaratibu."

*

Jioni ile Siwatu alimkalisha Mize juu ya meza, akamfunga vifungo ambavyo vilikuwa vimeshafungwa.

"Kesho tutakwenda mahali. Mwishoni watakuuliza swali moja. Kwenye fomu yao mtoto wa nyumbani lazima aulizwe."

"Swali gani?"

"Kama unaupenda wimbo wa baba. Utasema hapana. Au nyamaza tu, kunyamaza kunatosha."

Mize alimtazama kana kwamba mama yake amechanganya chumvi na sukari. "Lakini naupenda."

"Najua, mama yangu. Hata mimi. Ukisema hapana, baba anarudi."

"Ukisema unapenda kitu wanakichukua?"

Siwatu alifungua kifungo kimoja, akakifunga tena. Katika masomo yote ya jioni hawakuwahi kufika hapo.

"Kesho tu," alisema. "Kesho tu ndiyo hivyo."

*

Ukumbi wa kamati bado ulinuka majani makavu. Mbele walikaa wajumbe saba, na mjumbe wa pembeni alikuwa Afisa wa Chumvi, mwenye kisahani cha chumvi na kijiko: sauti ya mtu ikizidi, anagonga. Nyuma yao palikuwa na ukuta wa mbao, na nyuma ya mbao zile palikuwa na zizi. Siwatu alisikia mtu akivuta pumzi humo. Miaka saba amelala kando ya pumzi ile, angeitambua hata sokoni.

Mwenyekiti, Mheshimiwa Vuai, alisimama.

"Ndugu mliopo, msiopo na mtakaokuwepo," alisema kwa sauti ya kuomba chumvi kwa watu wengi. "Kwanza kabisa, na kabla ya hapo, tumshukuru Mlezi Mkuu kwa kutujalia masikio, ambayo leo, kwa mujibu wa sheria, hatutayatumia."

Wajumbe walipiga makofi kwa kidole kimoja kimoja. Karani akaandika kwenye ubao mweusi: sifuri.

Aliyeuliza maswali alikuwa mzee mdogo mwenye viatu vya mpira, Daktari Pandu, daktari wa mifugo. Yeye peke yake kati yao alikuwa anaijua kazi yake, ila ilikuwa kazi nyingine.

"Uzito, alama ishirini. Mama, uzito wa huyu, wa wimbo huu, ukoje?"

"Wa wastani, Daktari," alisema Siwatu, akitazama chini. "Kuna nzito zaidi."

"Mwepesi," alisema Mwenyekiti. "Nane."

Karani akaandika nane.

"Meno, kumi na tano. Gitaa linang'ata?"

"Si sana. Amefunga waya za breki. Moja ilikatika."

"Kibogoyo!" Mheshimiwa Vuai alicheka, Afisa wa Chumvi akamtazama, akapunguza cheko. "Tano."

Kumi na tatu ubaoni. Siwatu alikuwa anapata alama nzuri za hesabu kule jioni. Kwa mwendo ule wimbo usingefika arobaini. Miaka saba, Mize atakuwa na kumi na miwili. Alikuwa amevuta sana upande huu, sasa ilibidi arudi kidogo. Kidogo tu.

"Kwato," alisema Daktari Pandu. "Anapigia miguu miwili?"

"Ndiyo. Na naomba niongeze neno. Watu wengi wanaopiga mapipa wanakimbia. Wanakimbia kama mbwa aliyefungiwa kopo mkiani, basi tunasema wana kasi. Huyu mguu wa kushoto unatembea, na wa kulia anauchelewesha. Anauacha hewani. Wewe uliyekaa unausikia ule mguu ambao haujatua, Daktari, unasikia kabisa, mpaka unataka kuutua mwenyewe."

Daktari aliinua kichwa. "Kumi," alisema kabla Mwenyekiti hajakohoa.

Ishirini na tatu.

"Ngozi. Ukimgusa, laini au anakwaruza?"

"Anakwaruza. Sauti yake si nzuri, sitasema uongo. Lakini haimbi kwa hasira. Wanaoimba hasira tupu wanachosha, ukifika ubeti wa pili umeshawajua wote. Mume wangu anaimba kama mtu anayetua gunia. Ukiwa nje ya mlango huwezi kujua kama analia au anacheka, na ukiingia ndani unaona na wewe hujui."

"Ni mimi peke yangu," alisema mjumbe mmoja aliyekuwa amesinzia tangu asubuhi, "ninayesikia kitu?"

"Kumi na tatu," alisema Daktari Pandu.

Thelathini na sita. Nyuma ya mbao kiti kililia, kama mtu amekaa sawa. Siwatu alijua angetakiwa kupata alama kumi hivi kwenye maziwa, aseme jambo dogo, anyamaze. Alikuwa amelipanga: wimbo unafaa kufulia nguo. Hilo tu.

"Maziwa, alama ishirini. Anatoa nini?"

Akafungua mdomo kusema juu ya kufua.

"Nilipokuwa nikimzaa huyu," alisema, "umeme ulikwenda. Mkunga alikuwa anatafuta kiberiti. Niliimbiwa nyimbo zote nzuri, Daktari, wauguzi walikuwa watu wema, wakaniimbia za kubembeleza. Zilikuwa ndogo. Uchungu ulikuwa mkubwa hivi, na nyimbo zile zilikuwa hivi. Mume wangu alikuwa nje, wanaume hawaruhusiwi. Akaanza kugonga nondo za dirisha. Mara tatu. Anangoja. Mara mbili. Ni tone la... ni jasho la bati letu. Nikashika ule mngojo wake, nikasukuma hapo hapo kwenye kimya. Baadaye ndipo akautia gitaa. Kwa hiyo ukiniuliza unatoa nini..." Alimgusa Mize kichwani. "Wimbo mzito ni ule uliokuwa na ukubwa sawa na kitu kilichokupata. Hauondoi. Unasimama kando yako, kimo kile kile, basi huwi peke yako nacho."

Kijiko kilikuwa kimeinuliwa juu ya kisahani, lakini Afisa wa Chumvi alikuwa amesahau kukishusha.

Daktari Pandu alivua miwani. "Nimezalisha ng'ombe mia nne," alisema polepole. "Kwenye kimya ndipo wanaposukuma. Ishirini. Zote."

Karani aliandika hamsini na sita, na Siwatu alipoiona ndipo akili ikamrudia. Hamsini na sita! Yuko salama, yuko nyumbani. Ila mkia ulikuwa na alama kumi na nne, na hesabu yake haikuwa ngumu. Hamsini na sita na kumi na nne ni sabini. Akauma ulimi.

"Mkia," alisema Daktari. "Unaishaje?"

"Vibaya," alisema haraka. "Huo ndio ubovu wake mkubwa, waheshimiwa. Hauna mwisho. Unakatika katikati kama mlango uliopigwa na upepo. Hauagi, haushukuru mtu, haurudii. Umekwisha tu."

Mheshimiwa Vuai aliinuka nusu. Kwa miaka thelathini alikuwa amekaa kwenye hafla za taifa, hotuba ndefu kuliko ng'ombe mzima, na kibofu chake hakikuwa tena cha kijana.

"Haurudii?" alisema kwa sauti iliyotetemeka. "Haushukuru mtu?"

"Hapana, Mheshimiwa. Ni aibu."

"Kumi na nne."

"Mheshimiwa," alisema Siwatu, na kijiko kikagonga, ting, akashusha sauti, "tafadhali, ni mbovu kweli."

Mwenyekiti alimtazama, akaona machozi, akadhani ni ya unyenyekevu. "Basi kwa kuheshimu unyofu wa mama huyu, tupunguze moja. Kumi na tatu."

Karani akaandika sitini na tisa. Chaki ikavunjika.

*

Palibaki kipengele kimoja, na utaratibu wake tuueleze, maana ni wa zamani. Kwenye maonyesho, baada ya ng'ombe kupimwa kila kitu, mtoto wa nyumbani alikotoka ng'ombe huyo alisimamishwa mbele ya kamati akaulizwa kama anampenda. Alama moja. Wakubwa waliona ni jambo la kupendezesha picha.

Siwatu alimsogeza Mize mbele na hakuuachia mkono wake. Kiganja cha mtoto kilikuwa na jasho, na cha mama kilikuwa na jasho, na la bati halikuwemo. *Sema hapana*, aliomba moyoni. *Au nyamaza, mama yangu, wewe mbona unajua kunyamaza, nchi nzima inajua.* Aliona tayari mlango wao, Shaame anauingia na gitaa kwapani, wa kawaida, wa kawaida kabisa, anakosea, anavuta blanketi upande wake.

"Haya, mtoto mzuri," alisema Mheshimiwa Vuai, akiinama kwa ajili ya picha. "Huu wimbo wa baba unaupenda?"

Siwatu aliminya ule mkono kumkumbusha maneno ya jana. Mize aliinamisha macho. Sekunde moja ikapita, ya pili ikapita. Daktari Pandu alishika kalamu aandike sifuri.

Ndipo nyuma ya mbao mtu akagonga.

To. To. To.

Afisa wa Chumvi aliinua kijiko, akakishikilia. Sheria ilizungumzia sauti. Juu ya vidole haikuwa imesema kitu. Wajumbe walitazamana. Kimya kile kilikuwa na urefu ambao watu wawili tu ukumbini, labda watatu, waliujua sawasawa, na Siwatu alijua kwamba Shaame hakuwa anagonga kuomba alama. Hakujua habari za kioo wala za Ijumaa. Alikuwa amesikia mkewe akiuita wimbo wao mwepesi, kisha akasikia yaliyofuata. Alikuwa anauliza tu kama wapo.

Mkono wa Mize ukatoka katika mkono wa mama yake. Akagonga ubao wa benchi, to-to, pale pale panapotakiwa.

"Mize," alisema Siwatu. Hata chumvi asingeipata mtu kwa sauti ile.

Mtoto alikwishapanda juu ya benchi. Hakumtazama Mwenyekiti wala ubao wa hesabu. Aligeukia zile mbao, akavuta pumzi mpaka mabega yakapanda, akasema kwa sauti ambayo ukumbi ule ulikuwa haujaisikia tangu ujengwe:

"Baba, wimbo wako naupenda kuliko zote."